Bei ya Paa Linalokunjwa

Makadirio ya fundi huandikwa kama orodha ya dukani: praima, fila, msasa, rangi, thina, turubai, raba za milango, ufundi. Mwenye gari huanza kuyasoma chini, kwenye jumla, kisha hupanda taratibu akitafuta pa kupunguza. Gari la kawaida halimsumbui sana. Akiliacha bampa, bampa litasubiri. Gari la paa la kukunja lililofikisha miaka 50 halina subira hiyo. Ukipunguza kwenye chuma, milango itagoma kufunga. Ukipunguza kwenye mbao, turubai jipya litavuja. Ukipunguza kwenye rangi, utailipia mara ya pili siku turubai litakapong'olewa ili kazi irudiwe. Orodha hiyo inaonekana kuwa mambo ya gereji tu, lakini kila mstari wake uliamuliwa zamani, na watu ambao hawakufikiria kwamba gari lao lingekuwa bado barabarani nusu karne baadaye.

Mwanzoni, kukosa paa hakukuwa anasa. Gari la injini lilizaliwa katika karakana za mafundi wa magari ya farasi, likarithi viti vyao, vanishi zao na turubai lao. Mwaka 1919, karibu magari tisa kati ya kumi yaliyouzwa Marekani yalikuwa ya wazi, yenye kifuniko cha kitambaa cha kuvuta mvua inapoanza. Bodi iliyofungwa ilihitaji kiunzi cha mbao, vioo vingi, seremala hodari na siku nyingi za kazi, kwa hiyo ilinunuliwa na wenye nazo. Mwenye kipato cha wastani alipata gari, na pamoja nalo upepo, vumbi na mvua ya ubavuni.

Kampuni ya Hudson ndiyo iliyotikisa mizani hiyo. Mwaka 1921 ilitoa Essex yenye bodi iliyofungwa, umbo lake kama sanduku, kwa dola 1,495. Hiyo ilikuwa takribani dola 300 tu juu ya bei ya ndugu yake wa wazi, wakati kwa kampuni nyingine pengo lilikuwa kubwa mno. Kufikia mwaka 1925 bei ya Essex iliyofungwa ilikuwa imeshuka hadi dola 895, na ile ya wazi iliuzwa kwa dola 5 zaidi. Tangu hapo mnunuzi hakuwa na sababu ya mfukoni ya kulowa. Muongo huo ulipoisha, uwiano ulikuwa umepinduka: kilichokuwa kawaida kimekuwa nadra.

Hata hivyo turubai halikuondoka siku moja. Magari mengi yaliyoitwa ya kufungwa yalikuwa na kipande cha kitambaa kilichotiwa lami au mpira katikati ya paa, kwa sababu bati pana la kufunika paa zima, na mashine ya kulikandamiza likapata umbo, vilikuwa bado havijaenea. Mwaka 1935 General Motors ilitangaza kwa kishindo mapaa yake ya bati moja zima. Kuanzia hapo kitambaa juu ya kichwa kikawa jambo la kuchagua. Na kiwanda kilichotaka kumridhisha mwenye kuchagua hivyo kililazimika kuchukua bodi iliyobuniwa iwe na paa, kuliondoa paa hilo, kisha kurudisha kwa mikono ya watu uimara ambao mashine ilikuwa imeutoa kwa pigo moja. Hapo ndipo gharama tunayoiona leo kwenye makadirio ilipozaliwa.

Rangi nayo ina safari yake, na kwa sehemu kubwa imekwenda upande wa pili. Katika karakana za magari ya farasi rangi ilipakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka. Kila tabaka liliachwa likauke, likasuguliwa, ndipo lingine likafuata, na mwisho vanishi. Kazi hiyo ilichukua kati ya wiki mbili na nne, na wakati mwingine zaidi. Kiwanda kilichotaka kutoa magari mengi kwa siku kilihitaji mabanda makubwa ya kuyahifadhi yanapokauka, na kila chembe ya vumbi iliyotua ilikuwa hasara. Ford iliepuka sehemu ya taabu hiyo kwa kubaki na rangi nyeusi peke yake kwenye Model T kuanzia mwaka 1914 hadi 1925. Watu wamelifanya jambo hilo mzaha kwa miaka mingi, lakini lilikuwa uamuzi wa bajeti. Kopo moja, tanuri moja, hakuna kusafisha mitambo ili kubadili rangi.

Mwokozi wa wengine alitoka kwenye baruti. Kampuni ya DuPont ilitoka katika Vita vya Kwanza vya Dunia ikiwa na uwezo mkubwa wa kutengeneza nitroselulosi, kiini cha baruti isiyo na moshi, huku mteja wake mkuu, vita, akiwa ameondoka. Nitroselulosi hiyohiyo ikiyeyushwa inavyotakiwa hugeuka rangi inayopulizwa kwa bunduki na kukauka kwa saa chache. DuPont na General Motors waliiita Duco, na mwaka 1923 ikaonekana kwa mara ya kwanza kwenye magari ya Oakland yaliyopakwa buluu. Wiki zikawa saa. Rangi za kila namna zikaingia barabarani, na mnunuzi wa kawaida akaanza kuchagua gari kwa macho.

Baadaye zikaja rangi za utomvu wa kutengenezwa kiwandani, zilizookwa kwenye tanuri. Hizi zilifaa mno kwa kiwanda, kwani bodi ilipita ikiwa chuma kitupu, bila viti, bila raba, bila nyaya, na joto kali halikuwa na cha kuunguza. Lakini kiwanda kilipofanya hivyo kilimwachia fundi wa mtaani kitendawili. Gari lililokwisha kuunganishwa huwezi kuliingiza kwenye joto lile. Viti vitaungua na raba zitayeyuka. Jibu lililopatikana ni rangi inayojikaza yenyewe kwa kemia badala ya joto: unachanganya rangi na haidena, na ndani ya saa chache imekuwa ngumu. Kemia hiyo ya poliyurithani chimbuko lake ni kazi ya Otto Bayer huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Ndiyo iliyo ndani ya makopo mengi yanayotajwa kwenye makadirio ya leo, na ina deni lake ambalo tutalifikia.

Ili historia hizi mbili zikutane, tuchukue gari moja: Volkswagen Beetle ya paa la kukunja, iliyojengwa na Karmann.

Wilhelm Karmann alichukua karakana ya magari ya farasi mjini Osnabrück mwaka 1901. Mwaka 1949 kampuni yake ilianza kujenga Beetle ya wazi ya viti vinne kwa niaba ya Volkswagen, na ikaendelea hadi tarehe 10 Januari 1980. Idadi yote ilikuwa magari 331,847. Ni mengi kwa gari la wazi, lakini Beetle zote zilizotoka duniani hadi uzalishaji ulipofungwa Puebla, Mexico, mwaka 2003, zilikuwa 21,529,464. Kwa hesabu hiyo, katika kila Beetle 65 moja tu ndiyo iliyotoka Karmann ikiwa na turubai.

Hapo ndipo mtego wa kwanza wa bajeti ulipo. Beetle ya paa la chuma inajulikana mahali pengi, Afrika Mashariki ikiwemo; Tommy Fjastad alishinda Safari ya Afrika Mashariki kwa gari hilo mwaka 1962. Injini yake fundi mwenye uzoefu anaifungua na kuirudisha bila kitabu, na vipuri vyake ni vya bei ya kuvumilika kwa sababu vimetengenezwa kwa mamilioni. Mnunuzi wa Beetle ya wazi huchukua umaarufu huo akauhesabu kuwa ni unafuu wa gari zima. Kumbe kuanzia usawa wa vioo kwenda juu, gari lake ni jingine. Milango ni tofauti, fremu ya kioo cha mbele ni tofauti, vioo vya nyuma vya pembeni vinashuka kwa kuzungushwa. Kwa sehemu hizo yeye si mmoja wa milioni 21. Ni mmoja wa laki tatu na ushei, na wengi wa wenzake wanatafuta kipuri hichohicho.

Mtego wa pili umefichwa chini ya miguu. Paa la chuma katika Beetle ya kawaida si kifuniko tu. Linashika mbele na nyuma ya gari zisipindane. Karmann walipoliondoa walichomelea vyuma vya kuimarisha chini ya milango, ndiyo maana gari la wazi ni zito kuliko ndugu yake. Vyuma hivyo viko mahali ambapo maji, tope na chumvi hukusanyika. Vikila kutu, gari huanza kulegea kiunoni. Dalili yake haihitaji kipimo cha kitaalamu. Funga milango, inua gari kwa jeki upande mmoja, kisha tazama mwanya kati ya mlango na bodi. Ukibadilika, au mlango ukikataa kufunguka, fedha ya rangi iweke pembeni kwanza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta wenyewe ndio uliooza, na rangi ya kung'aa itauficha kwa mwaka mmoja tu, hasa kwa anayeishi karibu na bahari.

Baada ya chuma ni mbao. Watu wengi hushangaa kusikia kwamba gari la viwandani la karne ya 20 lina kazi ya seremala, lakini paa la Karmann linayo. Lina mataruma ya chuma yanayokunjana, mfano wa mataruma ya jahazi, ila mwisho wa mbele, pale linapobana juu ya kioo, na nyuma, pale kitambaa kinapopigiliwa, kuna vipande vya mbao vilivyopindwa kufuata umbo la bodi. Misumari na pini za turubai huingia humo. Maji yakishapenya, ubao hulainika, na pini haishiki tena. Fundi anayeshona turubai jipya juu ya ubao uliooza anashona kwa matumaini.

Kisha ndiyo paa lenyewe. Si kitambaa kimoja. Nje kuna tabaka la kuzuia maji, katikati kuna tandiko nene lililojazwa manyoya ya farasi yaliyoshikamanishwa kwa mpira, ndani kuna kitambaa cha dari, na nyuma kuna dirisha la kioo halisi. Ujenzi huo ulilifanya gari liwe na joto la kutosha wakati wa baridi ya Ujerumani, na kimya cha kushangaza kwa gari la turubai. Ulilifanya pia, likikunjwa, kuwa rundo kubwa nyuma ya abiria linalomzuia dereva kuona vizuri kwenye kioo chake. Kwa mwenye bajeti, maana yake ni kwamba neno "turubai" kwenye makadirio linabeba vitu vinne, na makadirio mawili yanaweza kutofautiana sana kwa sababu moja linahesabu vyote vinne na jingine linahesabu cha nje peke yake. Swali la kumuuliza fundi kabla ya kulinganisha bei ni hilo: unabadilisha nini na nini?

Uchaguzi wa kitambaa cha nje nao ni wa fedha na wa historia pamoja. Plastiki ya vinaili ni nafuu, husafishwa kwa sabuni na maji, na ndiyo iliyokuwa kwenye Beetle nyingi za wazi za miaka ya mwisho. Kitambaa cha kufumwa ni ghali zaidi, kinapumua, kinakunjika bila kupasuka haraka, na kinapendeza jicho. Anayetaka gari lililo kama lilivyotoka kiwandani atatazama mwaka wa gari kwanza. Anayetaka kuliendesha mvua na jua atatazama mfuko wake na hali ya hewa ya kwao. Kosa ni kulipia kitambaa cha thamani kisha kuacha raba za zamani milangoni, maana maji hayaulizi bei ya kitambaa. Yanapita penye upenyo.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi haupangwi kwa hamu ya mwenye gari. Huanza chuma, zikafuata mbao na kurekebisha milango na vioo vikae sawa, ikaja rangi, na turubai ni la mwisho, kwa sababu linapigiliwa juu ya bodi iliyokwisha kupakwa na linakatwa kwa kufuata vioo vilivyokwisha kutulia. Wengi huanza na turubai kwa kuwa ndilo linaloonekana limechoka, kisha hulifungua tena kumpa fundi rangi nafasi. Hiyo ndiyo rahisi ghali.

Tuseme mtu ana shilingi 100 za kazi yote, kama kipimo tu. Busara ni kufunga 20 katika bahasha kabla fundi hajagusa gari, kwa sababu msasa ukipita ndipo ukweli hutokea: fila ya zamani iliyojazwa nene kama chapati, kiraka juu ya kiraka. Zilizobaki 80 zisigawanywe mpaka chuma kimeonekana. Chuma kikiwa kizima, rangi na paa vitagawana. Kikiwa kibovu, ni bora rangi isubiri mwaka mzima, gari likiwa na praima isiyopitisha maji, kuliko kufunika. Na katika fungu la rangi kopo lenyewe halichukui sehemu kubwa; kinacholipiwa hasa ni saa za kukwangua, kujaza, kusugua na kusugua tena. Aliyepewa bei ya chini mno ajue kwamba hakuna aliyevumbua rangi ya bei rahisi. Zimepunguzwa saa.

Hata rangi gani upake lina hesabu. Volkswagen iliandika kila rangi kwa namba yenye herufi L mbele: L41 ni nyeusi, L87 ni nyeupe ya lulu. Kurudi kwenye namba ya awali ni nafuu kuliko kubadili, kwa kuwa rangi mpya inadai kupakwa pia kingo za milango, ndani ya boneti, chumba cha injini na chini ya turubai linapolala. Anayebadili rangi nje tu atalikumbuka jambo hilo kila anapofungua mlango.

Je, fedha hizo zitarudi? Wamarekani walipewa somo la swali hilo. Mwaka 1976 Cadillac ilitangaza kwamba Eldorado yake ya wazi ndiyo ya mwisho kujengwa Marekani. Viyoyozi, barabara za mwendo kasi na hofu ya sheria kali za usalama gari linapopinduka zilikuwa zimeua soko. Magari 14,000 yalitengenezwa mwaka huo, na 200 ya mwisho yalipakwa nyeupe yote kama sanda au kama vazi la harusi, kutegemea unavyotazama. Watu waliyanunua na kuyafungia kama akiba ya dhahabu. Miaka sita baadaye Chrysler ikauza LeBaron ya wazi, na Cadillac yenyewe ikarudi na Eldorado ya wazi muda si mrefu. Baadhi ya walioweka akiba walikimbilia mahakamani. Walikuwa wamenunua uadimu, na uadimu ni kitu ambacho kiwanda kinaweza kukufutia wakati wowote kikitaka. Karmann wenyewe, waliojua kukata na kushona mapaa kuliko karibu mtu yeyote duniani, walifilisika mwaka 2009, na kiwanda cha Osnabrück kikachukuliwa na Volkswagen.

Linalobaki, basi, ni kulipia kazi kwa ajili ya kazi yenyewe: gari linalofunga milango, lisilovuja, linaloweza kufunguliwa jioni ya kiangazi. Na hapo linarudi deni la rangi. Haidena za poliyurithani zina isosayaneti, na isosayaneti zimo miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu ya kazini kwa wapuliza rangi. Mtu akishapata athari hiyo, kiasi kidogo tu baadaye kinatosha kumfungia pumzi, na wengi hulazimika kuiacha kazi. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu. Kinachotakiwa ni kofia ya kupumulia inayoletewa hewa safi kwa bomba, na banda linalovuta moshi nje. Kwa gari kuukuu liko jingine: tabaka za zamani na baadhi ya viungo vya bodi vilikuwa na risasi, na msasa mkavu huigeuza kuwa vumbi linaloingia mapafuni na kwenda nyumbani na nguo. Kusugua kwa maji ni kwa polepole zaidi, na polepole ni saa, na saa ni fedha.

Katika makadirio mengi mstari huo haumo. Kofia ya hewa haiandikwi, banda haliandikwi, saa za kusugua kwa maji haziandikwi, na hivyo bei hushuka na mwenye gari hufurahi. Karne iliyopita viwanda vilihamisha gharama ya paa kutoka kwenye mashine kwenda kwenye mikono, na gharama ya rangi kutoka kwenye tanuri kwenda kwenye kopo. Anayepanga bajeti leo anaweza kuihamisha mara moja zaidi, akaiweka kwenye kifua cha fundi, ambako haitaonekana kwenye jumla. Au anaweza kuuliza, kabla hajauliza rangi gani: unapopuliza, unapumua nini? Kisha aongeze mstari.